Walioshuka Kabla ya Daraja

Pasiansi, Mwanza
8 Julai 1994

Kwako Shangazi Paskazia,

Shikamoo, tena ile ya kupiga magoti ambayo huipendi. Huku wote wazima isipokuwa jino langu la nyuma. Mama anasema niweke karafuu, nimeweka, sasa nanuka pilau na jino bado linauma. Ladislaus amejikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa Mama, anashinda na kofia hata wakati wa kula. Baba hajasema nikusalimie, lakini nilipomwambia nakuandikia alisema "haya", nadhani hiyo ni salamu.

Nyumba yako ya Mabatini iko salama. Nilipita juzi. Rebeka fundi cherehani yuko kwenye chumba cha mbele kama ulivyomwacha, anashona sare za shule na kugombana na watoto wanaokalia ngazi yako.

Shangazi, likizo hii nimepata kazi! Ya wiki mbili tu, lakini ni kazi. Tunahesabu watu barabarani. Najua utacheka, kwa hiyo naeleza vizuri. Tangu haya magari ya Dubai yaanze kuingia, asubuhi barabara ya Mabatini kwenda mjini haipitiki. Kila mwenye gari yuko peke yake ndani na redio yake, na nyuma yake limekwama basi zima. Mhandisi wa manispaa, Bwana Shimba, ana michoro miwili. Mchoro wa kwanza unaiacha barabara kama ilivyo, ila upande mmoja wa lami unakuwa wa mabasi asubuhi na jioni, pamoja na gari dogo lililobeba watu watatu au zaidi, ili majirani wapakiane badala ya kila mtu kutoka na lake. Mchoro wa pili unapanua barabara huku na huku ili magari yote yaenee, na kilichoko pembeni kinaondoka. Yote miwili ameichora Baba kwa wino, kwenye meza yetu ya chakula. Nyumba yako iko pembeni, Shangazi. Kwa hiyo unajua ninauombea upi.

Wafadhili wanauliza jambo moja tu: watu wengi wanapita ndani ya mabasi au ndani ya magari madogo? Wakiwa kwenye mabasi, ni mchoro wa kwanza. Mabasi yakiwa matupu, ni wa pili. Basi mimi nahesabu mpaka watoto wa mgongoni.

Niko na Mhoja wa kidato cha nne, ambaye anaongea na kila kondakta kana kwamba wamenyonya pamoja. Mimi naandika tu. Hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, haitaki mtu aseme kitu. Msimamizi wetu ni Baba. Manispaa hawakuwa na vifaa, akaazima kwa watu wa kodi ya maendeleo ile meza yao ya kukunja, miavuli yao na mapipa mekundu, tukakaa palepale darajani wanapokaaga wao na mgambo kukamata wanaume wasio na risiti. Alifurahi sana kwamba hakutumia hata senti ya ofisi.

Kuna jambo dogo kuhusu mabasi, lakini labda sijaelewa vizuri. Nitakuandikia.

Mtoto wako,
Odeta


Nansio, Ukerewe
29 Julai 1994

Odeta, mtoto wa mdogo wangu,

Marahaba, inuka, magoti yatachubuka. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu ya bahasha. Sijui ni chai ya Mwanza au ya huku. Mimi sijambo. Machungwa mwaka huu yameinamisha matawi mpaka chini na hakuna wa kuyanunua, tunakula mpaka midomo inawasha. Hilo jino likaonyeshwe hospitali. Karafuu ni ya wali.

Ukiniandikia tena usitumie sanduku la kiwanda. Tumia la parokia. Barua zinazopitia kiwandani siku hizi zinachelewa.

Nataka unipitie nyumbani kwangu, uingie ndani, usiishie kwenye ngazi. Angalia bati la upande wa jikoni kama bado linavuja. Angalia kile chumba cha uani kama Rebeka amekijaza vitambaa. Mwambie akitoe, sisemi kwa ubaya. Nina mpango wa kuja kukaa kidogo.

Mchoro wa kwanza umenifurahisha. Marehemu mume wangu Paulo alipokuwa akifyatua yale matofali ya nyumba, tulikuwa tunakwenda mjini watu sita kwenye pikapu ya jirani, wanawake mbele, wanaume nyuma na baiskeli zao, na hakuna mhandisi aliyetufundisha. Kumbe tulikuwa watu wa mipango.

Hilo jambo dogo la mabasi ni lipi? Nakujua. Ulipovunja mtungi wa bibi yako ulikuja ukaniambia kuna jambo dogo jikoni.

Msalimie baba yako. "Haya" yake nimeipokea.

Shangazi yako,
Paskazia


Pasiansi
19 Agosti 1994

Kwa Shangazi yangu wa machungwa,

Shikamoo. Jino limeng'olewa. Daktari alinisifu kwamba sikulia, hakujua kwamba nilishindwa tu kumwambia sindano bado haijashika. Ladislaus ana matubwitubwi, shavu limevimba kama amemeza limao zima, na Mama anamfunga kitambaa kichwani. Sasa ana sababu ya kweli ya kuvaa kofia.

Nikueleze la mabasi, utacheka. Siku ya kwanza tumekaa darajani, basi la kwanza, haisi, linakuja limejaa, watu wananing'inia mlangoni. Mara kondakta akaiona meza. Akapiga bodi ya gari, pa pa pa! "Meza! Meza mbele!" Gari likasimama kabla ya daraja, wanaume wote wakamwagika chini kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, wakashika kile kijia cha kando ya mto, mmoja akiwa na kiatu mkononi. Basi likatupita na akina mama watatu na mbuzi. Kondakta akatusalimia kwa heshima kabisa: "Shikamooni wazee wa kodi, sisi leo biashara mbaya." Mhoja akamjibu, "Sisi si wa kodi, sisi ni wa barabara!" Kondakta akasema, "Ndiyo, na mimi ni padri." Mbele kidogo basi likasimama tena, wanaume wakatokea kwenye magugu wakapanda.

Ikawa hivyo kila siku. Hata wenye magari madogo walishusha watu waliowapa lifti. Mmoja alipita peke yake, lakini nyuma ya kiti niliona kisogo cha mtu aliyejikunja, na mtu huyo akakohoa.

Nilimwambia Baba. Alisema, "Umeajiriwa kuhesabu walio ndani. Andika unachokiona ndani." Nikaandika.

Bati la jikoni linavuja kidogo tu. Rebeka amesema atatoa vitambaa. Kuhusu barabara bado wanaongea, nasikia alama zimeanza kupakwa huko juu juu. Shule imefunguliwa, na mwalimu wa historia amesema atakayeongea Kiswahili darasani atabeba kibao shingoni. Mimi sina wasiwasi, siongei lugha yoyote.

Mtoto wako,
Odeta


Nansio
10 Septemba 1994

Odeta,

Nimepokea. Pole ya jino, pole ya shavu la Ladislaus. Hadithi yako ya meza niliwasomea masista jikoni, tulicheka mpaka sista mmoja akamwaga mchele. Padri na kondakta nimewasimulia nusu ya Nansio.

Halafu Jumapili akaja Bernadeta, yule anayepeleka machungwa huko kwenu kwa meli. Alikuwa amepita kwa Rebeka. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za msiba, "Dada, ile X ya nyumbani kwako mmeambiwa ni lini wanabomoa?"

Nikamwambia X gani. Akanionea huruma.

Iko chini ya dirisha langu, nyekundu, ndefu kama mtoto wa miaka mitatu. Imepakwa kabla ya wewe kuniandikia. Uliingia mpaka jikoni ukaangalia bati, Odeta. Uliipita ukiingia na ukaipita ukitoka. Kisha ukaniandikia kurasa mbili za shavu la mdogo wako.

Sijakasirika. Nimekasirika. Lakini nisijifanye mtakatifu, kwa sababu na mimi sikukuambia kitu. Kiwanda kilifunga mlango mwezi wa Juni. Pamba sasa inanunuliwa na kila mwenye lori, na sisi wa ofisini tuliambiwa tusubiri nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kiwanda. Tangu hapo nalala chumba cha wageni cha parokia na ninawapikia mapadri. Wanaponiita "mama mpishi" nageuka kuangalia ni nani. Niliposema nakuja kukaa kidogo, nilikuwa na maana ya kuja kukaa. Sina pengine. Nina hiyo nyumba ya marehemu, basi.

Sasa nikaikumbuka tena hadithi yako ya meza, na safari hii sikucheka. Nakuuliza swali moja, unijibu bila kuzunguka: huyo mhandisi anajua kwamba watu walikuwa wanashuka?

Shangazi yako


Pasiansi
24 Septemba 1994

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Tafadhali niwie radhi. Nyumbani wazima. Shavu limepona. Sina habari nyingine.

Hajui. Alikuja mara moja tu, asubuhi, tukapigwa picha naye chini ya mwavuli, mabasi hayajaanza kupita. Baada ya hapo alisoma karatasi zetu, na karatasi zinasema mabasi ni matupu na magari madogo yana mtu mmojammoja. Karatasi zinasema kweli na zinasema uongo. Mwandiko ni wangu.

Sikukuambia X kwa sababu nilikuwa nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara ilionekana kama mimi ndiye niliyeshika brashi. Nikaona heri nikwambie ya Ladislaus.

Sasa nakwambia lililobaki, na naomba usimwandikie Baba. Mwezi wa Julai manispaa walikuwa wanaandaa majina ya watu wa kupunguzwa kazi. La Baba lilikuwemo. Kazi ya kuhesabu ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa ilikwisha mapema na haikula fedha, na Bwana Shimba alimsifu mbele ya wakubwa. Jina likaondolewa. Nikisema hesabu imeharibika kwa sababu ya meza, watauliza meza aliileta nani. Na nyumba hii tunayokaa ni ya manispaa, akitoka yeye tunatoka wote.

Nilimuuliza jikoni, Mama yuko kanisani. Nilisema, "Baba, lakini Shangazi." Nilishindwa kumaliza. Alisema, "Odeta, unataka tukalale wapi?" Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Ngoja nikuambie pia hili. Alipokuwa anachora mchoro wa pili nilikuwa namshikia taa, umeme ulikuwa umekatika. Nyumba zote za pembeni alichora vijisanduku tu. Ya kwako aliichora na mlango, na ngazi, na kile kibaraza. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akachora mstari wa barabara mpya, ukapita katikati yake.

Tarehe kumi na tano mwezi ujao kuna mkutano Mabatini, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wenye X wataruhusiwa kusema. Mhandisi atakuwepo na Baba atakuwepo. Mhoja amerudi bwenini, hawezi kuja. Niambie nifanye nini. Ukisema nikae kimya nitakaa, hilo ninalijua sana. Ukisema niseme, sijui kama sauti itatoka, lakini nitasimama.

Odeta


Nansio
3 Oktoba 1994

Mwanangu Odeta,

Barua yako imenikuta nikichambua dagaa, nikaisoma mikono ikinuka. Sina stempu na sitaki kumwomba padri, kwa hiyo hii nampa Bernadeta, anavuka Jumamosi. Atakupa mkononi kabla ya mkutano.

Usiseme.

Niliandika kwanza "sema", nikaichana karatasi. Niliandika hivyo kwa sababu nina hasira na mdogo wangu. Alinyamaza kama wewe ulivyonyamaza, ila yeye ni mtu mzima na alishika kalamu. Lakini nimelala nayo nikaamka nayo. Mama yetu alipokuwa analima mihogo ya watu, baba yako Antoni alikuwa mgongoni kwangu. Alikuwa mzito, alikuwa ananivuta nywele. Nikimwona ametupwa nje na watoto wake, nitakaa kwenye kibaraza gani nikafurahi?

Ile nyumba naipenda. Sitaki kukudanganya tena hata kwa dogo. Kila tofali nililimwagia maji mwenyewe, na Paulo aliugua akiwa anaangalia dari lake. Nikiipoteza nitalia, na nitalia kwa sauti, mapadri watakosa chakula siku mbili. Kisha nitaendelea kupika.

Kwa hiyo siku hiyo baki nyumbani. Ukiulizwa, jino jingine linauma.

Nawe usibebe hili kama kosa lako. Wewe uliambiwa uandike, ukaandika.

Shangazi yako,
Paskazia


Pasiansi
16 Oktoba 1994

Kwa Shangazi Paskazia,

Shikamoo. Jibu lako halijafika. Nilikwenda posta kila nilipotoka shule mpaka yule bwana wa dirishani akaanza kutikisa kichwa nikiwa bado mlangoni. Ijumaa nikaacha kusubiri. Nikasema labda umenyamaza kwa sababu hutaki kuniagiza jambo la namna hii. Labda nilikosea.

Mkutano ulikuwa jana. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa shule. Meza kuu walikaa Bwana Shimba na afisa mtendaji wa kata, pamoja na Baba na michoro yake. Nyuma, getini, walisimama mgambo wawili, walewale wa kodi.

Bwana Shimba si mtu mbaya. Aliongea vizuri. Alisema hata yeye alitaka mchoro wa kwanza. "Lakini takwimu zinaonyesha mabasi yenu yanapita matupu. Siwezi kutenga njia kwa ajili ya viti vitupu."

Watu wakapasuka kicheko. "Matupu! Njoo asubuhi upakatwe!" "Mimi nimeshonewa vifungo mara tatu mwezi huu!"

Akasema, "Sikuhesabu mimi. Wamehesabu watoto wenu wa shule, wasio na upande."

Nikasimama. Shangazi, sikuamua, nilijikuta nimesimama. Na maneno yakatoka kwa Kiingereza. Mimi husimamishwa darasani tu, na darasani ni Kiingereza, kwa hiyo mwili wangu ukisimama wenyewe unaanza "Please sir". Walicheka mpaka mtu wa ukutani akaanguka. Mwanamke mmoja akasema, "Mama, tuhurumie, sema na sisi." Nikatamani ardhi inimeze. Kisha nikasema kwa Kiswahili, polepole, nikimwangalia yule aliyeanguka anavyojikung'uta: "Mimi ndiye niliyehesabu. Watu walishuka kabla ya daraja. Waliiona meza wakadhani ni ya kodi."

Bwana Shimba akavua miwani. Akauliza, "Walioshuka ni nani? Nyoosheni mikono."

Hakuna aliyenyoosha. Wanaume wote waliokuwa wakicheka wakaanza kuangalia viatu, kwa sababu wale mgambo walikuwa getini, na anayekiri kwamba alishuka anakiri kwamba hana risiti ya kodi. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mimi huwa natembea kwa ajili ya afya." Rebeka akapayuka kutoka nyuma, "Mnaogopa risiti! Nyumba zikilala chini mtamwonyesha nani hiyo risiti?" Mikono ikabaki chini.

"Basi," akasema Bwana Shimba, "kumbe hakuna aliyeshuka." Akaanza kukunja mchoro.

Baba akasimama. Hakuniangalia. Alisema, "Meza ya kodi niliileta mimi, mzee. Nilitaka kuokoa fedha. Mtoto aliniambia siku ya kwanza kwamba watu wanashuka, na mimi nikamwambia aandike walio ndani tu." Akakaa.

Ndipo babu mmoja mwenye fimbo akanyoosha mkono. Akasema, "Mimi risiti ninayo, hii hapa, ya mwaka huu. Na nilishuka. Kondakta akisema meza, miguu inashuka yenyewe." Watu wakacheka, lakini kicheko kingine sasa. Mkono wa pili ukapanda, wa tatu, wa mtu wa afya. Afisa mtendaji akainuka akaenda kumnong'oneza mgambo mmoja, na mgambo wote wawili wakatoka nje. Mikono ikawa mingi, hata sikujaribu kuihesabu.

Watahesabu upya wiki ijayo, bila meza, bila mwavuli, watu wamekaa dukani kama wateja.

Tulirudi Pasiansi kwa miguu mimi na Baba. Tulipofika karibu na nyumbani aliuliza, "Shangazi yako ndiye aliyekutuma?" Nilitaka kusema hapana, jibu lake hata halijafika, sijui angeniambia nini. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akasema, "Nimeelewa." Hakuelewa, Shangazi. Tangu jana halitaji jina lako, na ninapoandika barua hii yuko chumba cha pili anajifanya amelala.

Nilisimama mbele ya watu wote wale, halafu nikashindwa kusema neno moja mbele ya mtu mmoja.

Odeta


Mabatini
20 Novemba 1994

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Ukiona hapo juu nimeandika Mabatini, sijakosea.

Mama hajambo, amepata kikohozi cha kuhama. Ladislaus anasoma darasa moja na watoto waliokuwa wakikalia ngazi yako, sasa anaikalia nao.

Wamehesabu upya. Mabasi yalijaa kama tunavyoyajua. Bwana Shimba amepeleka karatasi mpya kwa wafadhili, na wiki iliyopita gari lilipita na kipaza sauti: mchoro wa kwanza unajaribiwa kwa miezi sita. Wamepiga mstari mweupe juu ya lami, upande mmoja wa mabasi na wa magari yaliyojaza watu. Wenye magari wananung'unika. Jana niliona bwana mmoja wa suti anawaita wanafunzi wapande gari lake, bure, apate tu idadi ya kupita. X haijafutwa, lakini hakuna ukuta utakaoguswa mpaka miezi hiyo iishe. Baada ya hapo sijui, na hakuna anayejua.

Barua ya Baba ilitoka siku nane baada ya mkutano. Hawakuandika habari ya meza. Waliandika shukrani kwa utumishi wake wa muda mrefu. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi kutoka kwenye nyumba. Tumeingia kwako bila kukuomba, Shangazi. Mama ndiye aliyemwambia Rebeka, Baba alibaki nje na magodoro mpaka giza, akisema anapumzika. Alikuwa hataki kukanyaga mlango wa mtu ambaye yeye anadhani ndiye aliyemtoa kazini. Nimejaribu kumwambia. Nimejaribu kuandika na kuiweka karatasi kwenye kiatu chake. Alidhani ni ya Ladislaus, akaitupa.

Leo mchana akaja Bernadeta, amekonda, macho ya njano. Malaria ilimshika siku ileile aliyotaka kuvuka, akalazwa, na baadaye akaenda kwa dada yake kupona, na barua yako muda wote iko ndani ya kanga yake ya safari. Alikuwa anaomba radhi kabla hajakaa. Mimi nilikuwa kisimani. Baba ndiye aliyeipokea. Haikuwa yake lakini aliifungua.

Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya chumba cha mbele, Rebeka ameacha kushona. Akaisoma ile barua yote, na nadhani akarudia, kwa sababu alikaa muda mrefu kwenye ukurasa wa kwanza ambapo kuna neno moja peke yake kwenye mstari. Kisha akaniuliza, "Hii ilikuwa ifike kabla?" Nikasema ndiyo. Safari hii sauti ilitoka.

Akaenda uani. Sikumfuata. Aliporudi aliomba kalamu. Ninamwachia nafasi hapa chini. Amesema nisisome, nikunje tu, na nitakunja.

Mtoto wako,
Odeta


Dada, shikamoo.

Nilidhani ni wewe. Nimekukasirikia mwezi mzima, hata ndani ya nyumba yako, nimekula chini ya bati lako nikiwa nimekukasirikia. Sijui mtu anaombaje radhi ya kitu kama hicho, kwa hiyo naandika tu kwamba nilifanya.

Usipike tena huko. Chumba cha mbele Rebeka ameshakitoa, yeye amehamia kibarazani na cherehani yake. Sisi tuko nyuma. Bati nimeliziba.

Hukusema utakuja lini na mimi sitakuuliza. Sina kazi ya kunizuia. Kila meli ya Nansio inapotia nanga nitakuwa gatini.

Antoni